Siku Nilipompandisha Mama Mkwe Milimani

Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, mama yake alituma barua kutoka Muheza kwamba anakuja kumwogesha mjukuu na kumpikia mzazi. Hakujua kusoma, jirani yake ndiye aliyemwandikia. Mwishoni mwa barua kulikuwa na swali moja: barabara ya kupanda huko kwenu ikoje? Nikamjibu kwamba siku hizi ni nzuri, asiwe na wasiwasi.

Nilimdanganya. Ilikuwa masika, miaka michache baada ya Azimio, nami nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi nje kidogo ya Lushoto. Wiki mbili kabla ya barua ile, lori la mboga lilikuwa limeacha barabara chini ya Soni na kutumbukia bondeni. Nililiona kwa macho yangu, magurudumu juu, kabichi zimetapakaa mpaka mtoni. Lakini mke wangu alikuwa analia kila jioni akimtaka mama yake, na mimi sikujua namna nyingine ya kumtuliza. Nikaandika kwamba barabara ni nzuri, nikabandika stempu.

Nilishuka Mombo siku moja kabla, nikalala kwa mwalimu mwenzangu, na asubuhi nikaenda kumngoja stesheni. Treni ya kutoka Tanga ilichelewa. Mama mkwe alishuka akiwa na kapu la machungwa na kuku wawili waliofungwa miguu, kitenge kipya kiunoni. Nilisimama mbali, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Mtoto mzima?"

"Mzima, mama. Na mama yake pia."

Tulisemezana hivyo yeye akiutazama ukuta wa stesheni, nami nikiitazama miguu ya kuku. Kwetu ndivyo ilivyo. Mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawaketi pamoja, hawatazamani usoni. Kwao Bondei, huko Muheza, vilevile. Nilipokea kapu baada ya yeye kuliweka chini na kurudi nyuma hatua mbili.

Kisha nikaanza kutafuta usafiri. Basi lililokuwa likipanda Lushoto lilikuwa limeegeshwa chini ya mwarobaini, halina tairi mbili za nyuma, na hakuna aliyejua tairi zingine zitapatikana lini. Kulikuwa na Landrova ya ofisi moja ya serikali, ila ilijaa mabwana waliokuwa wanakwenda mkutanoni. Kulikuwa na njia ya miguu ya kupitia Vuga, ambayo vijana huipanda kwa nusu siku, lakini mama alikuwa na goti bovu. Lililobaki lilikuwa lori lililoshusha kabichi na peasi na sasa linarudi Lushoto na matenga matupu.

"Mama atakaa mbele na mimi," dereva alisema. "Wewe, ndugu mwalimu, panda nyuma."

Nilimvuta pembeni, nikamwomba asimsimulie mama habari za lori lililoanguka. Akanitazama, akatikisa kichwa.

"Mimi sitasema," alijibu. "Lakini yeye ana macho."

Nilipanda nyuma, nikasimama juu ya matenga nikishika chuma. Mgongoni mwa chumba cha dereva kulikuwa na kidirisha cha kioo, na kupitia hapo niliona kichwa cha mama mkwe, kilemba chake cheupe, kimesimama wima kama mtu aliye kanisani. Tulipoanza kupanda, joto la Mombo likabaki chini, na mvua nyepesi ikaanza. Upande mmoja ulikuwa mwamba unaochuruzika maji. Upande wa pili haukuwa na kitu. Nimezaliwa milimani humo na sikuwahi kuitazama barabara ile kwa macho ya mgeni mpaka siku hiyo. Kila kona niliiona kwa macho yake. Niliona jinsi tairi la nje linavyopita shubiri moja tu kutoka ukingoni. Niliona udongo laini ukimeguka baada ya sisi kupita.

Tulifika kwenye kona lilipoanguka lile lori la mboga. Dereva alilazimika kupunguza mwendo kwa sababu ya utelezi, na lori lile lilikuwa bado chini pale pale, linaonekana lote, mlango wake mmoja umefunguka. Kilemba cheupe kiligeuka kuelekea bondeni, kikabaki hivyo muda. Halafu mama mkwe akageuka nyuma kabisa, akanitazama kupitia kile kioo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunitazama machoni tangu nimwoe binti yake. Hakukunja uso. Alinitazama tu, na mimi nikashindwa kuhimili, nikatazama matenga.

Kilomita chache mbele lori lilisimama. Mlima ulikuwa umeporomoka. Udongo mwekundu na mawe na migomba mizima vilikuwa vimefunika barabara, na katikati maji yalikuwa yamejichimbia mfereji unaoshuka moja kwa moja mtoni. Ng'ambo ya pili lilisimama gari jingine, na watu walikuwa wanavuka kwa miguu kutoka huku kwenda kule ili madereva wabadilishane abiria. Walikuwa wamekanyaga kijia chembamba juu ya ule udongo, upana wa nyayo mbili.

"Mvua ikiongezeka hata hicho hakitakuwepo," dereva alisema. "Mnavuka sasa, au mnarudi na mimi Mombo. Amueni."

Mama mkwe alikuwa ameshuka, anautazama ule udongo.

"Binti yangu ananingoja," alisema, bila kunigeukia. "Tangulia, mwalimu."

Abiria mmoja, mwanamke mwenye nguvu, alichukua kuku na kapu akavuka navyo kama anayekwenda kisimani. Mimi nikatangulia, mama nyuma yangu. Udongo ulikuwa baridi na ulinimeza mpaka kwenye vifundo vya miguu. Nilisikia mto chini lakini sikuuona kwa ukungu, na kule kutouona kulinitisha zaidi. Nilianza kusema Baba Yetu kimoyomoyo, nikapotea katikati, mimi niliyeifundisha darasani kila juma.

Tulipofika karibu na mfereji wa maji nikasikia hatua za nyuma zimekoma. Nikageuka. Mama mkwe alikuwa amesimama, miguu imetengana, mikono imenyooka pembeni, macho yamefumbwa.

"Mama, ni hatua tatu tu."

"Siwezi."

"Tazama miguu yangu. Weka wako ninapotoa wangu."

"Mwalimu, miguu haipo. Siisikii."

Mtu mmoja ng'ambo alipiga kelele tufanye haraka. Vijiwe vilianza kuteremka kutoka juu, vidogo vidogo kama mahindi yanayomwagwa. Nilivua koti langu la shule, nikashika mkono mmoja wa koti na kumrushia mwingine. "Shika hilo, mama." Alilipapasa bila kufumbua macho, akalishika. Hivyo tulikuwa tumeshikana bila kushikana, na heshima ikawa imekaa mahali pake. Akapiga hatua moja. Akapiga ya pili.

Kisha udongo chini yake ukaondoka. Haukutoa mlio wowote. Nilimwona tu anakuwa mfupi, na koti likanivuta, na mshono wa begani ukaachia. Sikukumbuka ukwe wala heshima. Nilijitupa magotini, nikamdaka mkono juu ya kiwiko, kwa mikono yangu yote miwili, nikavuta. Alikuwa mzito. Nakumbuka niliona vizuri sana alama ya chanjo begani mwake, na nikafikiri, nitamwambia nini mke wangu. Watu wawili wa ng'ambo walinikamata mkanda wa suruali, na kwa pamoja tukamtoa. Kitenge kipya kilikwenda na udongo. Mwanamke aliyevusha kapu alimfunga cha kwake, na tukakaa barabarani, mbali mbali.

Gari la ng'ambo lilitufikisha Lushoto. Kutoka hapo mpaka nyumbani tulitembea polepole, yeye mbele, mimi nyuma. Kichwani nilikuwa na hofu nyingine sasa. Nilimshika mama mkwe mwilini, mbele za watu. Mama yangu mzazi, aliyekuwa akikaa nasi, alikuwa mkali wa mambo hayo kuliko mchungaji. Niliamua kunyamaza, nikiomba naye anyamaze.

Alioga, akabadili nguo, akampakata mjukuu. Jioni, tulipokuwa tumemaliza kula, mimi kwenye kigoda changu karibu na mlango, alisema kwa sauti ya kawaida:

"Leo mkwe wangu alinishika mkono. Udongo ulikuwa unanichukua."

Mke wangu aliacha kunyonyesha. Mama yangu alichokoa moto kwa kijiti.

"Alikushika kwa nguvu?" aliuliza mwishowe.

"Kwa nguvu. Angalia."

Akapandisha mkono wa gauni. Vidole vyangu vyote vilikuwa vimechorwa pale, vyeusi.

"Basi vizuri," mama yangu alisema, akaongeza kuni.

Nilitoka nje, nikaenda nyuma ya zizi, nikatapika chakula chote.

Mama mkwe alikaa kwetu mpaka mvua zilipokwisha. Barua ile hakuitaja hata mara moja. Nilingoja aniulize; kila aliposema "mwalimu" moyo wangu uliruka. Aliposhuka alishuka siku ya jua, kwa basi lililokwisha kupata tairi zake, akiwa amekaa upande wa mwamba. Mimi nilimsindikiza mpaka Mombo, na safari yote, kwenda na kurudi, nilikuwa nimeshika chuma cha kiti cha mbele kwa mikono miwili. Watu wa kwetu walinicheka, mtu wa milimani anayeogopa mlima. Sikuwaeleza. Mpaka leo nikipanda gari la kwenda Lushoto nachagua kiti cha upande wa ndani, na tukifika chini ya Soni naangalia sakafu.