Bango la Mahipi Ukutani Bwera

Nakusanya mabango halisi ya matamasha ya muziki ya mahipi, wale vijana wa Kizungu wenye nywele ndefu wa miaka ya sitini, mabango ambayo herufi zake zinayeyuka kama mshumaa. Kwetu Kasese, Uganda, watu wananiona nimerukwa na akili. Moja nililikuta Bwera, kwa mama mzee mjane. Marehemu mumewe alikuwa mpishi wa mzungu wa mgodini, akapewa naye bango hilo, akalibandika ukutani kwa uji wa muhogo. Siku hiyo niliona haya kuliomba. Nikaaga kwamba nitarudi Jumamosi kumsalimu.

Jumamosi nikamkuta na udongo mpaka viwikoni, ukuta wote umepakwa upya.

"Ile karatasi iko wapi, mama?"

"Nilikwangua. Udongo haishikagi kwa karatasi. Nilisema wewe mwanangu unakuja, usikute nyumba mubaya."

Ningemfokea nani? Nikausifu ukuta. Akafurahi, akaniketisha kwenye kiti kinachoutazama.