Mkulima wa Kansay Aliyepalilia Malisho ya Ng'ombe

Jua limepanda kiganja kimoja tu juu ya milima, na Sylvesta Hhando anapiga debe. Anapiga mara tatu, anasimama, anasikiliza. Nyati hulala ndani ya majani haya marefu, na nyati aliyekatishwa usingizi hana mjadala na mtu.

Kimya. Anaweka debe chini, anatupa fremu ya chuma yenye mita moja kila upande, anapiga magoti pale ilipoangukia. Anakata majani kwa mkasi wa kunyolea kondoo. Yote yaliyomo ndani ya fremu yanaingia kwenye mfuko wa kaki. Mfuko unapimwa, uzito unaandikwa, mfuko unatundikwa ukauke.

Ndiyo kazi yake, mwaka wa nne sasa, kwenye mteremko huu wa Ngorongoro unaotazama uwanda wa Olbalbal kule chini. Ni kibarua wa mradi wa utafiti wa malisho. Analipwa shilingi ishirini kwa siku, na siku mvua ikishinda inanyesha, hakuna malipo.

Lakini asubuhi hii ya Februari 1982 anatazama jua kuliko mizani. Saa nne atafungua waya wa kipande kimoja, ekari moja tu, na ng'ombe wa Mzee Metui, mfugaji wa Kimaasai, wataingia. Wakila, mteremko mzima utachomwa moto kwa utaratibu, kipande kwa kipande, kuanzia mwezi wa kumi, ili uote majani kama hayo. Wakikataa, waya utang'olewa na kibarua kitaishia mwisho wa mwezi.

"Nilifanya mtihani wa darasa la nne, nikasahihishwa na mwalimu," anasema Sylvesta, ambaye ana miaka arobaini na mmoja. "Huu wa leo nasahihishwa na ng'ombe."

Ukitaka kuelewa kwa nini ekari moja inamtia hofu mtu mzima, tazama kule chini. Uwanda umejaa nyumbu. Huu ni msimu wao wa kuzaa, na ndama wa nyumbu ana ugonjwa ambao yeye haumdhuru ila ng'ombe unamuua. Kwa hiyo Wamaasai hawagombani naye. Wanampisha. Wanapandisha mifugo huku juu mpaka ndama wa nyumbu wakue.

Zamani waliweza kuzunguka hata upande wa Karatu. Leo huko ni ngano na mahindi, shamba limegusana na shamba. Pamebaki huku juu peke yake. Na huku juu, tangu moto ulipokatazwa, jani moja limeyafukuza mengine. Wamaasai huliita makutian. Huota kwa mashina makubwa, hufika kiunoni, na ni gumu kama kamba.

"Ng'ombe analipita kama wewe unavyopita jiwe," anasema Nanyokie, mke wa Metui, ambaye hukamua ng'ombe hao na kujua kwa maziwa ya jioni walikula wapi mchana.

Ni Nanyokie aliyemfundisha Sylvesta majani. Alianza kwa kumcheka.

Sylvesta alitoka Kansay, kijiji cha wakulima wa Kimbulu upande wa Karatu, mwaka 1978. Siku ya kwanza afisa wa mradi, Bwana Kornelio, alimwonyesha kipande kilichozungushiwa waya akamwambia akitunze. Sasa mtu wa Kansay ukimwambia tunza, anatafuta jembe. Sylvesta akatazama. Akaona mashina makubwa yamesimama vizuri, yameachana kama yamepandwa kwa hatua. Katikati yake vijani vidogo vinatambaa chini. Akajua kazi yake ni ipi.

Alipalilia siku nane.

Siku ya tisa Nanyokie alikuwa akipita na punda wake kwenda kuteka maji. Akasimama kwenye waya.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Hajafa mtu, mama."

"Mbona unachimba?"

"Napalilia."

"Akakaa chini, hapo hapo kwenye vumbi," Sylvesta anasimulia. "Nikasema mama wa watu ameugua. Kumbe ni kicheko."

Alipomaliza kucheka, Nanyokie aliingia ndani akalichambua lundo la magugu. Hili huleta maziwa, alimwambia. Hili hunenepesha. Hili ni la ndama anayeharisha. Kisha akamwangalia. "Wewe Mbulu, umemwaga maziwa, sasa unatunza kibuyu."

Jina jipya la Sylvesta, Bwana Shamba, lilishuka hadi Olbalbal kabla ya jua kuzama. Mpaka leo watu asiowajua humsalimu hivyo njiani, na humuuliza mahindi yake ya huko mlimani yanaendeleaje.

Sylvesta alikwenda mwenyewe kwa Bwana Kornelio kukiri. Alitegemea kufukuzwa. Lakini kabla hajaondoka, Nanyokie alikuwa ameng'oa kishungi cha majani mabichi akampa. Kwa Wamaasai, mwenye majani mkononi haguswi. "Shika," alimwambia. "Tumeshacheka, hatugombani."

Bwana Kornelio hakumfukuza. "Kosa lake liliandikwa kwenye ripoti," anasema afisa huyo, akijaribu asitabasamu, "na ni ukurasa uliosomwa kuliko zote."

Toka hapo kila punda wa Nanyokie alipopita, darasa lilikuwepo. Mwaka wa pili Sylvesta aliweza kufumba macho na kulitaja jani kwa harufu. Na jambo moja likaanza kumkera. Mifuko kutoka penye makutian ilikuwa mizito kuliko yote, lakini ng'ombe waliochungwa jirani na hapo walihesabika mbavu.

"Nikamwambia Bwana Kornelio, mzee, mizani inapima uzito, haipimi utamu."

Akaomba moto, makutian liungue, vijani virudi. Akaomba tena mwaka uliofuata. Ruhusa ikaja Oktoba iliyopita, ya ekari hii moja. Metui ndiye aliyechagua asubuhi na upepo. Wanaume watano wakasimama na matawi mabichi, moto ukaenda ulikotumwa ukazimwa. Kisha Sylvesta akachukua jembe lake lile lile la Kansay akang'oa mashina yaliyoungua, Nanyokie akimwonyesha kwa fimbo.

"Safari hii jembe liliuliza njia kwanza," anasema Nanyokie.

Saa nne imefika. Waya unafunguliwa. Ng'ombe thelathini wanaingia kwa kusukumana, na hakuna anayekula. Wananusa. Wanalamba majivu ya zamani. Dume moja jeusi linapita katikati ya vijani vyote vile, linakwenda kusimama kwenye waya wa mbali na kutazama Olbalbal.

Bwana Kornelio anafungua daftari, analifunga.

"Mzee, wameshiba?" Sylvesta ananong'ona.

"Tangu lini ng'ombe wangu akashiba," anajibu Metui. "Nyamaza. Wewe ukikaribishwa nyumba ya watu, unarukia chungu?"

Ng'ombe mzee mwenye pembe moja iliyovunjika anainamisha kichwa. Anazungusha ulimi. Unasikika mlio, krap, wa jani linalokatika. Kisha mwingine. Kabla ya dakika kumi vichwa vyote viko chini, hata cha dume lile jeusi, na mteremko mzima unasikika kama watu wanachana nguo.

Sylvesta ameketi chini kwenye vumbi. Anacheka mpaka machozi yanatoka.

"Ameugua?" Metui anamuuliza mkewe.

"Anapalilia," anasema Nanyokie.

Anang'oa kishungi kibichi na kumchomekea Sylvesta mfukoni mwa shati. Jioni, maziwa ya ng'ombe yule wa pembe iliyovunjika yanajaza kibuyu na kufurika. Kesho yake, waya ukiwa bado wazi, punda milia sita wanakutwa ndani wakila bila kumwomba mtu.

Kuanzia mwezi wa kumi mteremko utachomwa kwa vipande, kimoja kila mwaka, na Sylvesta ameambiwa yeye ndiye atakayeongoza vibarua. Lakini kuna jambo lingine analolipanga. Kule Kansay maji ya mvua yamechimba korongo katikati ya shamba lake, na kila masika linameza mistari miwili ya mahindi. Anataka kubeba gunia la vile vijani vinavyotambaa, avipande kingoni vishike udongo. Ameshamwandikia mkewe, Hyasinta. Jibu limerudi: watu wanakwenda kazini na kurudi na mabati, wewe unaniletea majani?

"Ataelewa," anasema Sylvesta, akiliokota debe lake. "Namwomba kitu kimoja tu. Asiyapalilie."