Mstari wa Sehemu Uliokataa Kutoka kwenye Printa

Jambo zima lilinigharimu rimu moja ya karatasi na katriji moja ya wino. Nikihesabu tena kwa haki, naongeza chai ya mwalimu, ambaye hajawahi kunywa kikombe kimoja akaishia hapo.

Mwalimu huyo alifundisha hesabu kidato cha pili huko Kivaa. Kila muhula alikuja Machakos mjini, kwenye saiba yangu, duka la kompyuta na intaneti, nimpigie chapa mtihani, kisha arudi wiki iliyofuata kuuchukua. Safari mbili kwa mtihani mmoja, na shamba lake linamngoja. Akauliza kama naweza kuuweka kwenye mtandao, auchapishe kwenye kituo cha karibu na kwake, Jumamosi zake zibaki zake. Tukapatana: karatasi ikitoka jinsi alivyoiandika kwa mkono, analipa yote, ikiharibika, halipi kitu. Nilikubali upesi kuliko desturi yangu.

Shida ya hesabu ni kwamba haikai kwenye mstari mmoja. Sehemu inataka namba juu, mstari katikati, namba chini. Wengine waliitengeneza kila sehemu kama picha, wakaibandika kwenye ukurasa. Lakini kule kwake modemu ilivuta picha kwa kusitasita, na dakika zinalipiwa. Basi nikasema hakuna picha: maandishi matupu, pamoja na faili moja ya mitindo, ile inayouambia ukurasa kila kitu kikae wapi, kwa ukubwa na rangi gani. Kwa robo tatu, nikaiagiza ipandishe tatu, ishushe nne, na kati yao iweke kisanduku chembamba kama uzi, kimejazwa rangi nyeusi. Kwenye skrini sehemu zilisimama vizuri. Nilizihesabu mara mbili, hakuna iliyopungua.

Muda si mrefu mwalimu akatokea mlangoni, safari ileile niliyomuahidi hataifanya tena. Aliomba chai kwanza.

“Mama saiba,” akasema, “watoto wangu wamejumlisha.”

“Wamejumlisha nini, mwalimu?”

“Tatu juu, nne chini. Wameandika saba. Wengine wanasema ni vekta, na hao ndio werevu.”

Akanipa karatasi. Namba zote zilikuwa mahali pake. Mistari haikuwepo, hata mmoja.

Mwenye mtandao nyumbani asingenaswa hivyo, maana anasoma kwenye skrini. Sisi huku hatusomi kitu kwenye skrini. Tunafungua, tunachapisha, tunatoka kabla dakika haijageuka, tunasomea nje. Mimi ninayewatoza watu dakika hizo nilijaribu kazi yangu kwa macho tu, ili niokoe wino. Na kivinjari nacho, kumbe, kikichapisha hakitoi rangi za nyuma ya maandishi, ili kiokoe wino; na weusi wa kisanduku changu ulikuwa rangi ya namna hiyo. Sikuwa na uso wa kukigombeza.

Nikafuta kisanduku, nikaipa namba ya juu mpaka, yaani mstari wa ukingo, upande wake wa chini. Mipaka kivinjari huichapisha daima. Nikachapisha, nikarekebisha unene, nikachapisha tena, mwalimu akizikagua kwa kalamu nyekundu kana kwamba nimefanya mtihani. Rimu iliishia hapo.

“Sasa iko sawa,” akasema. “Lakini siku ingine usinijaribie kwa watoto wa watu.”

Alilipa yote. Muhula uliofuata hakuja; alituma salamu kupitia muuza mahindi kwamba mtihani umetoka safi na yeye yuko shambani anapalilia. Nilifurahi kuliko nilivyotegemea, ingawa mteja nilikuwa nimempoteza.

Sasa amerudi, ameniletea matriki za mtihani ujao. Namba zimekaa kwa safu, zote zinapangika. Mipaka ya pembeni inanipa mabano ya mraba, lakini yeye anataka ya duara, yale watoto wanayoyaona ubaoni, wasije wakavumbua jibu lingine. Nikilikuza bano la duara lifikie safu tatu, linanenepa mpaka linazisukuma namba. Msomaji unayejua namna ya kulirefusha bila kulinenepesha, na bila picha, nishauri. Jumamosi ya mwalimu iko mikononi mwako.