Mstari Mwekundu wa Bloku B

Shangazi yangu Mosidi Ramokhele hakuweza kuiona karatasi yenye nafasi tupu akaiacha hivyo hivyo. Orodha ya vitu vya dukani ikiisha kabla ya ukurasa, alichukua rula na kalamu ya wino mwekundu, akapiga mstari wa mshazari kutoka neno la mwisho hadi chini kabisa, kisha akasaini. Nilipopata kazi katika maktaba ya Makgalaneng na kuhamia kwake, alinibandikia ukutani maelezo ya kuwasha hita ya mafuta ya taa. Maelezo yenyewe yalikuwa mistari minne. Chini yake mstari mwekundu ulishuka mpaka ukingoni.

"Shangazi, nani atakuja kuongeza neno kwenye maelezo ya hita?"

"Humjui," alisema. "Ndiyo maana nimepiga mstari."

Tabia hiyo aliipata mwaka wake wa kwanza wa uaskari jela, katika gereza la serikali alikotumikia miaka kumi na minne. Siku moja aliandika taarifa ya zamu yake, akasaini, akaacha mistari mitatu mitupu juu ya saini. Kesho yake mistari ile ilikuwa imejaa. Ilisema amepokea funguo sita, na funguo zilizokuwepo zilikuwa tano. Akaadhibiwa kwa ufunguo ambao hakuwahi kuushika. Tangu hapo hakuna mtu aliyepata nafasi ya kuandika juu ya saini yake wala chini yake.

Gereza la Makgalaneng si la serikali. Kuta ni za Kampuni, funguo ni za Kampuni, hata uji wa asubuhi ni wa Kampuni. Wafungwa tu ndio wa serikali, na serikali hulipia kila kitanda, kiwe na mtu au kitupu. Tangu mgodi ulipofungwa, wako watu mjini wanaosema bila gereza tungekuwa tunakula vumbi. Wako wanaosema ni aibu mtu kutajirika kwa sababu mtoto wa jirani amefungwa. Mara nyingi ni watu walewale. Inategemea siku hiyo nani kaajiriwa na nani kaachishwa.

Mkataba ulitaka kila bloku iwe na askari wawili saa zote, na askari mmoja akikosekana, Kampuni inakatwa malipo. Kwa hiyo kwenye karatasi askari hakukosekana kamwe. Baada ya mgomo wa mwaka uliotangulia, wengi walikuwa wamefukuzwa, na nafasi zao zilijazwa kwa kalamu.

Shangazi alikuwa Bloku B: wanaume sitini na wanne, ghorofa mbili, mlango mmoja wa nondo. Juu ya karatasi ya zamu palikuwa na nafasi mbili za majina ya askari. Siku alizoachwa peke yake, na zilikuwa nyingi, aliandika jina lake kwenye nafasi ya kwanza, akaikata ya pili kwa wino mwekundu, akaandika: Niko peke yangu. Zamu ikiisha, alipiga mstari wake kwenye sehemu yote iliyobaki tupu.

Msimamizi wa zamu, kijana aitwaye Neo Tsolo, alimwita Mama Rula.

"Mama Rula, utatumalizia wino wa nchi nzima."

"Wino nanunua mwenyewe, mwanangu. Wewe niletee askari."

"Askari nitamtoa wapi? Nimzae?"

"Ukimzaa leo atachelewa. Mtoe getini."

Neo alicheka, akachukua karatasi. Karatasi hizo hazikushonwa kama kitabu. Zilikaa kwenye faili la pete, zikichomolewa na kurudishwa kirahisi, na mwisho wa mwezi zilitiwa kwenye maboksi stoo. Mtu pekee wa serikali mle ndani alikuwa mdhibiti, Mama Xaba, mwenye ofisi ndogo karibu na chumba cha kufulia. Kazi yake ilikuwa kuilinda serikali dhidi ya Kampuni, lakini alichosomeshwa kila wiki ni muhtasari uliochapwa na Kampuni yenyewe. Kwenye muhtasari, Bloku B ilikuwa na askari wawili.

Jumanne moja ya mwezi wa nane, upepo ukipeperusha vumbi la mashamba yaliyokwisha kuvunwa, Sello Ramabodu, mwenzake Shangazi, aliondolewa bloku saa saba mchana akapelekwa getini. Saa tisa na nusu kikaja chakula cha jioni, papa, ugali wa kwetu, na kabichi. Shangazi alikuwa chini akigawa sahani alipoona wanaume wawili juu wamembana mfungwa mwenzao, Tlali Mphuthi, kwenye reli. Alipiga kelele, akaita kwa redio, akapanda ngazi. Mswaki uliochongwa ulikuwa umeshaingia shingoni. Alivua sweta lake, akalikandamiza kwenye jeraha kwa mikono miwili, huku mgongo wake ukiwatazama wanaume sitini na watatu. Msaada ulikuja baada ya dakika kumi na moja.

Tlali alipelekwa hospitali akiwa hai. Shangazi alirudi kwenye meza yake, akanawa mikono, akajaza karatasi, akapiga mstari.

Alhamisi asubuhi meneja wa ulinzi, Bwana Lategan, alimwita ofisini. Mezani palikuwa na karatasi ya zamu ya Jumanne.

"Mama Mosidi, kumbukumbu zinaonyesha mlikuwa wawili," alisema. "Jina lako hili hapa, la Ramabodu hili hapa. Basi swali ni wewe ulikuwa wapi."

"Ramabodu alikuwa getini."

"Ramabodu amekiri alikuwa bloku, juu, akihesabu watu. Chini ilikuwa kazi yako. Uliondoka." Akasukuma karatasi nyingine. "Saini hapa kwamba uliondoka dakika chache. Utapata onyo tu, mambo yaishe. Ukikataa, Jumatatu kuna kikao cha nidhamu, na cheti chako cha uaskari kinakwenda. Una miaka hamsini na mitatu, Mama. Nani atakuajiri?"

Shangazi aliitazama ile karatasi ya zamu kwa muda ambao mtu hutazama saa ya ukutani, halafu akasema atakuja Jumatatu.

Mchana ule alinikuta jikoni, akakaa bila kuvua koti. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Wameiandika upya yote," alisema. "Mwandiko wangu wameuiga vizuri, saini wameiga vizuri. Lakini chini wameacha mistari kumi na mmoja mitupu, myeupe kama meno."

"Basi waambie!"

"Nikisema leo, kesho utasikia bomba limepasuka stoo na maboksi yote yamelowa. Karatasi zangu ziko mle, za miezi yote. Nitasema siku Mama Xaba akiwa amekaa chumba hicho hicho, na ufunguo wa serikali mfukoni."

"Mdhibiti huwa anakuja kwenye vikao vya Kampuni?"

"Haji. Labda apate malalamiko ya mzazi." Alisimama. "Pasi iko wapi? Leo ni Alhamisi."

Alhamisi ni siku ya akina mama wa kanisa. Walikutana saa nane kama kawaida, blauzi nyekundu, kola nyeupe, sketi nyeusi, nami nilikaa benchi la nyuma na mabuli ya chai, kwa sababu ndiyo kazi niliyoweza kuifanya bila kusemeshwa. Wimbo wa kwanza ulipokwisha, Mama Tlali alisimama. Mwanawe alikuwa kitandani na mrija kooni.

"Mimi leo siombi," alisema. "Nimeomba tangu juzi. Leo nauliza. Watu wa Kampuni wameniambia askari aliyekuwa zamu aliondoka kwenda kupiga soga. Nataka kumjua huyo askari."

Hakuna aliyegeuka, na kwa kutogeuka wote walionyesha kwamba wanajua. Sheria ya Kampuni ilikataza kabisa kuzungumza na ndugu wa mfungwa kuhusu mambo ya ndani.

Shangazi alisimama. "Ni mimi, Mama Tlali."

"Wewe?" Sauti ya Mama Tlali ilipanda. "Wewe uliyekula kwangu Pasaka? Ulikwenda wapi, Mosidi? Ulikwenda wapi mwanangu akichinjwa?"

"Sikwenda popote. Nilikuwa peke yangu. Sitini na wanne, na mimi mmoja. Nilipanda kwa kasi ya miguu hii unayoiona. Kama ingekuwa mipya ningefika mapema."

"Wanasema mlikuwa wawili."

"Wanasema."

"Hilo sweta la kijani," Mama Tlali alisema, kwa sauti ya chini. "Hospitali wamenipa sweta la kijani lina damu. La nani?"

"Langu. Ukilifua, usitumie maji ya moto."

Mwanamke mmoja mbele alicheka kwa bahati mbaya, halafu akaanza kulia, na kikao cha sala kikageuka kilio. Walipotulia, Shangazi alimweleza Mama Tlali anachotaka: barua kwa mdhibiti wa serikali, yenye swali moja tu, mwanangu alilindwa na askari wangapi. Niliiandika mimi palepale, juu ya trei ya chai. Mama Tlali alisaini. Shangazi alitoa rula kwenye mkoba wake.

Jumamosi jioni, kabla taa hazijawashwa, Sello Ramabodu alibisha mlango. Alikaa pembeni ya kiti, kofia mkononi.

"Dada Mosidi, nina watoto watatu."

"Nawajua. Wa pili nilimpokea mwenyewe akizaliwa kwenye kigari chako, ukiwa umezirai."

"Sikuzirai. Nilikaa chini."

"Ulikaa chini kwa uso."

Alitabasamu, kisha tabasamu likamwishia. "Nimesaini maelezo yao. Walinipa mpaka saa kumi kuamua."

Shangazi alimmiminia chai, akatia sukari vijiko vinne anavyopenda. "Sikugombezi. Nina ombi moja. Jumatatu wakikuuliza, jibu, sema unachotaka. Ila uniangalie mimi."

"Hicho ndicho unachoniomba?"

"Hicho tu."

Alikunywa chai yote, akaenda.

Ya Jumatatu nimeyasikia mara nyingi, kwa Shangazi na kwa Ramabodu, na wanatofautiana tu kuhusu nani alikuwa anatetemeka zaidi. Mama Xaba alikuwepo, na barua ya Mama Tlali mapajani. Bwana Lategan alisoma mashtaka: kuondoka kituoni, kusababisha jeraha. Akaonyesha karatasi.

"Mama Mosidi, hii ni saini yako?"

"Inafanana nayo."

"Jibu ndiyo au hapana."

"Hapana. Mimi siachi chini patupu." Akamgeukia mdhibiti. "Mama Xaba, nakuomba uende stoo sasa hivi, wewe mwenyewe, uchukue maboksi ya Bloku B tangu mwezi wa kwanza. Usimtume mtu. Tazama kila karatasi yenye jina langu. Ukikuta nyingine moja ambayo haina mstari mwekundu chini, nitasaini wanachotaka nisaini."

Bwana Lategan alisema huo si utaratibu. Neo Tsolo, aliyekaa karibu na dirisha, aliinuka akitaka kwenda kusaidia kutafuta maboksi.

"Kaa," Mama Xaba alimwambia. Hiyo ndiyo sauti, anasema Ramabodu, ambayo serikali ilikuwa imeisahau tangu isaini mkataba.

Alirudi baada ya nusu saa, vumbi hadi kwenye viwiko, na maboksi mawili kwenye toroli la nguo chafu. Alizipanga karatasi mezani moja baada ya nyingine. Mstari mwekundu, mstari mwekundu, mstari mwekundu. Akaiweka ile ya Jumanne kati yao, nyeupe chini. Halafu akaacha kutazama chini ya karatasi, akaanza kutazama juu. Alisoma kimya. Niko peke yangu. Niko peke yangu. Waliokuwa chumbani waliona midomo yake ikihesabu. Zilikuwa zamu arobaini na moja.

"Mimi nimeletewa muhtasari unaosema wawili," alisema, bila kumtazama mtu. "Wiki baada ya wiki. Nami nimekuwa nikisaini." Akageuka. "Bwana Ramabodu. Jumanne ile ulikuwa wapi?"

Ramabodu alitazama meza. Alitazama kofia yake. Halafu, kwa kuwa alikuwa ameombwa kitu kimoja tu, aliinua macho akamtazama Shangazi.

"Getini," alisema. "Tangu saa saba. Muulizeni dereva wa mkate."

Shangazi hakufukuzwa. Neo Tsolo alihamishwa kituo, ingawa sidhani kama wazo la ile karatasi lilikuwa lake. Kampuni ilikatwa malipo ya zamu zote arobaini na moja, pamoja na ile ya Jumanne, na ikatoa taarifa ndefu kwenye gazeti la mkoa isiyokuwa na jina la mtu yeyote. Gereza bado ni la Kampuni. Mkataba una miaka mingi mbele. Mama Tlali alipata jibu la barua yake, lenye muhuri wa serikali: askari mmoja. Ameliweka ndani ya Biblia. Tlali alipona, lakini sauti haikurudi yote. Siku za kutembelewa mama yake huinamia kioo ili amsikie.

Mwezi wa tisa Kampuni ilimletea Shangazi barua ya onyo kali kwa kuzungumza na ndugu wa mfungwa. Chini kulikuwa na nafasi kubwa ya maelezo ya mfanyakazi, robo tatu ya ukurasa. Aliisoma mara mbili mezani, miwani kwenye ncha ya pua.

"Utajitetea?" nilimuuliza.

"Kwa lipi? Nilizungumza kweli, na nitazungumza tena." Alinyoosha mkono. "Nipe rula."

Alipiga mstari kutoka kona hadi kona, akasaini, akavaa koti la kazi. Nje Ramabodu alikuwa anapiga honi, maana sasa walikuwa wanakwenda zamu ya Bloku B wote wawili.