Galaksi Niliyoikana

Mwenzangu alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mimi Mluguru wa Mkuyuni, kwa hiyo tulikuwa watani hata kabla hatujazaliwa. Asubuhi akiingia ofisini husema, "Hujambo, mtumwa wangu," nami humjibu, "Karibu, mpagazi, tua mzigo." Kwa mtani hakuna kukasirika. Sheria hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Tulikaa wawili katika chumba kimoja cha chuo hapa Morogoro, dirisha likitazama Uluguru, milima isiyoisha mawingu. Hayakutusumbua, darubini ilikuwa nchi nyingine, sisi tuliletewa picha. Nyota kubwa ikifa huko mbali hutoa mmweko mkali wa miale ya gama, mara moja tu, basi. Mara nyingi nuru ya kawaida hufuata, ukajua pa kutazama. Lakini kuna mimweko isiyoacha nuru ya kuonekana, kwa sababu galaksi yake imejaa vumbi. Aliyewahi kusimama ndani ya banda la mashine ya kukoboa mpunga kule Dakawa atanielewa: taa inawaka, lakini kwa vumbi la pumba unaiona nyekundu, na ukirudi nyuma huioni kabisa. Sisi tulitafuta taa za namna hiyo.

Kila mmoja alikagua picha peke yake, bila kuambizana. Doa linaloweza kuwa galaksi likionwa na wote wawili, tunaliombea muda wa darubini. Likionwa na mmoja, linafutwa.

Yeye alikuwa na jicho kali. Mimi ndiye niliyemfundisha kutofautisha galaksi na uchafu wa kamera, halafu akanipita. Profesa wetu akichungulia mlangoni alimuuliza yeye kwanza. Hata mama ntilie wa Mwembesongo, ambaye nilimpeleka mwenzangu kwake kwa miguu yangu mwenyewe, akaanza kumpakulia yeye kabla yangu. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mgeni alikuja nikaugua. Sitaki kulipamba: kilikuwa kijicho, na kilinikaa kooni kama mwiba wa perege.

Ilimbakia galaksi moja tu kukamilisha tasnifu yake ya udaktari, na muda wake wa masomo ulikuwa unakwisha. Siku moja nikamsikia anaimba kwa pua mbele ya kompyuta. Nikajua ameipata. Nikafungua picha ileile, na doa lilikuwepo, hafifu, jekundu, pembeni kidogo ya duara tulilochorewa kuonyesha mmweko ulipotokea. Sikuhitaji hata kukaza macho.

Nikaandika: hakuna kitu.

Mchana tukalinganisha. Akausoma mstari wangu mara mbili. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, majibu ninayo mdomoni.

"Hapa hukuona kitu?"

"Sikuona."

Akaegemea kiti. "Basi halipo. Macho haya umenipa wewe. Mimi nimelitaka mno, nikajichorea." Akalifuta kwa mkono wake mwenyewe, kisha akatoka kwenda kununua mahindi ya kuchoma, akaniletea moja.

Sikuweza kulila. Kesho yake, kabla hajakaa, nikamwambia: "Doa la jana nililiona. Nililiona, nikaandika hakuna, kwa wivu."

Alinitazama. Halafu akacheka mpaka akafuta machozi.

"Ahsante, mtumwa wangu. Unajua kumfariji mtu."

"Nasema kweli."

"Lini Mluguru akasema kweli?" Akavuta kiti, akafungua picha iliyofuata.

Ningeweza kwenda kwa profesa. Mlango wake ulikuwa hatua kumi na mbili kutoka wetu. Badala yake, Mungu anisamehe, nikacheka naye.

Muda wake uliisha bila galaksi nyingine kupatikana. Sasa anafundisha fizikia sekondari moja huko kwao, na mimi ndiye ninayeulizwa kwanza mlangoni. Kila Idi hunitumia ujumbe uleule: "Mtumwa wangu, bado unaliona lile doa?"