Maji ya Mvua ya Mama

Kwa nini pikapu yetu ilichemka kila ilipomleta mama nyumbani, na haikuchemka hata mara moja ilipomrudisha kazini?

Nilikuwa na miaka kumi nilipomuuliza baba swali hilo. Tulikuwa Kona Baridi, boneti ikiwa juu, mvuke ukipeperushwa na upepo wa pale usiojua kupumzika, na mama ameketi kwenye jiwe akiwa amejifunga leso kichwani.

"Ni mlima," baba alijibu. "Kwenda tunashuka, kurudi tunapanda."

Malori ya magadi yalikuwa yakitupita, yamejaa hadi juu, yakipanda polepole bila kutoa mvuke wowote. "Mbona hayo hayachemki?"

Baba akaingiza kichwa tena kwenye injini.

Mama alifundisha shule ya msingi huko bondeni, kwenye barabara ya Magadi. Mimi na baba tulikaa Kitengela, karibu na kiwanda alikofanya kazi baba. Ijumaa ya mwisho wa mwezi tulipita Isinya, tukakata hadi Kiserian, tukateremka kumchukua. Jumapili tulimrudisha. Kati ya safari hizo palikuwa na sweta yake nyuma ya mlango. Nikitoka shule niliingiza uso ndani yake, nikanusa chaki na mafuta yake ya nywele, mpaka harufu ikaisha na nikabaki nanusa sufu tu.

Pale Kona Baridi palikuwa na mama wa Kimaasai aliyeuza maziwa kando ya barabara. Alituzoea.

"Supa! Gari ya moshi imefika!" alipiga kelele siku moja. "Mwalimu, hii mzee alioa wewe ama alioa gari?"

"Alioa gari," mama akajibu. "Mimi ni abiria tu."

Walicheka mpaka baba naye akatoa kichwa kwenye injini, akacheka.

Miaka ilikwenda hivyo. Nikaingia chuo kikuu, kukatokea mgomo, chuo kikafungwa, nikarudi Kitengela na maswali mengi zaidi ya niliyoondoka nayo. Mwezi huo pikapu ilichemka mara mbili katika safari moja. Mama alikaa kwenye jiwe lake mpaka jua likaegemea milima ya Ngong. Kisha akasema, bila hasira, na ndiyo maana nilijua anamaanisha:

"Ikichemka tena, nitakaa huko huko mpaka shule ifungwe. Nimechoka kumaliza wikendi nikiangalia boneti."

Tulikuwa na wiki nne. Jumamosi iliyofuata nilimwambia baba tuichunguze wenyewe, hapo uani, tusimwite fundi.

"Haya, msomi," akasema. "Anza."

Nilibonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba, haukulegea. Mipira ya maji haikuwa na ufa. Nilichomoa kijiti cha oili nikitafuta weupe kama wa uji, ambao ungeonyesha kwamba maji yanaingia ndani ya injini. Oili ilikuwa nyeusi, safi kwa namna yake. Nikafungua mahali pa thamostati, kile kidude kinachozuia maji mpaka injini ipate joto. Hakikuwepo.

"Fundi alikitoa," baba akasema. "Alisema hicho ni cha nchi za baridi."

"Na Julai hapa Kitengela?"

"Fundi hakuja Julai."

Lakini kama kile kidude hakikuwepo, injini ingekuwa baridi kupita kiasi, si kuchemka. Tukaiwasha, tukaiacha ipate moto, tukaizima. Nilipitisha kiganja juu ya rejeta, pale maji ya injini yanapopozwa, polepole. Pembeni palikuwa moto, pembeni pengine moto, na katikati, upana wa sahani, baridi. Maji hayakuwa yakipita pale.

Niliingia jikoni nikatoka na birika. Kila nyumba ya Kitengela inalijua lile gamba jeupe linaloachwa na chumvi ya maji ya kisima.

"Birika hii ina mwaka mmoja," nilisema. "Rejeta umeitilia maji ya kisima miaka mingapi?"

Baba alilikwangua lile gamba kwa ukucha. "Mwaitu," akasema. Aliniita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake, na kwa Kikamba ndilo neno la mama. "Mwaitu, sikuwahi kufikiria kwamba gari pia linakunywa."

Tulichemsha ukwaju ambao nyanya alitutumia kutoka Ukambani, ule ule tuliotolea gamba kwenye sufuria. Lakini kuuchanganya, na kusuuza baadaye, kulihitaji maji yasiyo na chumvi. Hayo yalikuwa kwenye tangi la mvua, kidogo, chini kabisa. Tangi lilikuwa na kufuli. Mimi na baba tulikunywa chai ya kisima mwezi mzima. Ya mvua ilikuwa ya mama, akija.

"Hayo siyagusi," baba akasema. "Atakunywa nini?"

"Bila gari hatakuwepo wa kunywa."

Alinipa ufunguo huku akitazama upande mwingine.

Maji yaliyotoka kwenye rejeta yalikuwa ya kahawia, na ndani yake vipande kama maganda ya mayai. Tulirudia mara mbili. Tulipojaza kwa mara ya mwisho, tangi lilibaki tupu.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi ilipofika tulipanda kutoka bondeni, mama akiwa katikati yetu. Baba hakuthubutu kutazama mshale wa joto, niliutazama mimi. Haukusogea. Yule mama wa maziwa alituona, akasimama, akainua mkono.

"Hatusimami?" mama akauliza.

"Hatusimami," baba akasema, kwa sauti ya kijana.

Mama aligeuka, akatazama nyuma mpaka kona ikaficha lile jiwe.

Nyumbani baba alimwandalia chai ya kisima, akiomba msamaha kabla hajamimina. Mama alikunywa vikombe viwili. "Iko sawa," alisema, na mimi nikadhani ni adabu.

Alikuja kila mwezi tangu hapo, mpaka akahamishiwa karibu. Hatukusimama tena Kona Baridi. Nilikuwa nimepata nilichotaka, na bado siwezi kueleza kwa nini nililitamani lile jiwe, na ule upepo, na sisi watatu tukingoja kitu kipoe.

Baba alipofariki, nilimpelekea mama mtungi wa maji ya mvua. Alicheka kwanza, kisha akalia kidogo, kisha akaniambia. Maji ya kule shuleni yalikuwa na chumvi kuliko yetu. Kabla mwaka wake wa kwanza haujaisha, alikuwa ameyazoea, na chai ya mvua ikawa haina ladha yoyote mdomoni mwake. Lakini baba alikuwa amenunua kufuli kwa ajili yake; angemwambiaje? Kwa miaka hiyo yote, chai ya kwanza aliyoifurahia nyumbani kwake ilikuwa ile ya Ijumaa tuliyopita bila kusimama, ya kisima.