Ng'ombe Hapati Pancha

Harufu ya ndizi mbivu iliyopikwa ndani ya grisi haisahauliki. Ni tamu, ni nzito, na nyuma yake kuna kitu kinachoungua. Ukiivuta mara moja unadhani kuna mtu anakaanga vitumbua karibu na gereji. Ukiivuta mara ya pili unajua unaibiwa. Mimi kila kitu hukivuta mara mbili. Harufu hiyo niliinusa kwa mara ya kwanza nikiwa msichana wa miaka tisa hivi, mjini Garissa, nikiwa nimelala kifudifudi chini ya gari lenye rangi ya siagi, wakati wa vita vya shifta. Mpaka leo, mtu akinipitishia ndizi iliyoiva sana, mkono wangu huenda wenyewe kwenye pochi kuhakikisha bado imefungwa.

Wakati ule mji wetu ulikuwa na saa zake za kutembea na saa zake za kukaa ndani. Kulikuwa na waliotaka nchi ile iungane na Somalia, ambao wapiganaji wao waliitwa shifta, kulikuwa na serikali changa ya Kenya iliyosema hapana, na katikati tulikuwamo sisi na mifugo yetu. Ng'ombe aliye malishoni alikuwa na wenyewe watatu: shifta aliyepita usiku akiwa na njaa, askari aliyepita asubuhi akiuliza nani amewalisha shifta, na wewe, ambaye ulikuwa wa mwisho kuulizwa. Soko la mifugo lilifunguliwa siku moja likafungwa siku nyingi. Zipo familia tulizozijua zilizolala na zizi zikaamka na fimbo tu mkononi. Ayeeyo, ndiye bibi yangu mzaa baba, alikuwa amebakiwa na ng'ombe tisa kutoka kundi ambalo zamani lilichukua asubuhi nzima kunywa maji mtoni. Akaamua kuwageuza wale tisa kuwa kitu kisichokula majani. Baba yangu aliwahi kuendesha lori la mwenye duka mmoja. Akipata gari, angebeba abiria kwenda Thika katika msafara wa magari uliosindikizwa na jeshi. Gari likiwa zuri, tutakula. Likiwa bovu, hatuna ng'ombe na hatuna gari. Hesabu hiyo hata mimi niliielewa.

Gari lenyewe lilikuwa saluni ya ukubwa wa wastani, milango minne, na kiti cha nyuma kirefu cha kutosha watu watatu wanene au watano wanaopendana. Lilikuwa la afisa mmoja Mzungu aliyeondoka baada ya uhuru, likaangukia mikononi mwa Bwana Mutisya, mchinjaji kutoka upande wa Mwingi, mwenye bucha karibu na soko na kazi ya kupeleka nyama kambini. Mutisya alikuwa na gari asilolihitaji na hamu ya ng'ombe asiowapata. Baba alikwenda kuliona mara moja, akarudi akieleza usukani wake kama mtu anayeeleza mchumba. Ayeeyo akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Kesho wewe hutafungua mdomo. Umeshapenda." Mwenye kupenda, chongo huita kengeza; ayeeyo hakujua Kiswahili, lakini macho ya mwanawe aliyajua. Ndivyo nilivyopata kazi yangu ya kwanza, ya ukalimani. Nilikuwa mmoja wa wasichana wachache waliokuwa shuleni, Kiswahili nilikuwa nacho, na sikuwa nimempenda mtu wala gari.

Tulifika na ng'ombe wetu wote tisa alfajiri ilipokwisha kuwa asubuhi, jua likiwa bado halijapata nguvu. Mutisya alikuwa ameketi mlangoni pa bucha yake, juu ya kiti cha duara kifupi alichokitandika ngozi ya mbuzi, miguu ameikunjua kama mfalme.

"Karibu mama, karibu! Gari hili ni jipya, ni umri tu umeenda."

Ayeeyo alikwenda moja kwa moja akaweka kiganja juu ya boneti, kama anayempima ndama homa. Akaniinamia. Kwetu bibi humwita mjukuu kwa jina lilelile analoitwa yeye, kwa hiyo alisema, "Ayeeyo, muulize mnyama huyu amemkimbiza wapi asubuhi hii."

Nikauliza. Mutisya akasema amepeleka nyama kambini. Ayeeyo akainua macho akatazama kulabu za bucha: tupu, safi, zinang'aa. "Muulize ni nyama ya mnyama gani, maana leo hajachinja."

Mutisya akacheka kwa pua. Gari baya, kama ngamia mgonjwa, huamshwa kabla mnunuzi hajaja, ili likohoe peke yake na lisikohoe mbele za watu. Ayeeyo akaagiza chai. Tukanywa polepole sana, chai ya maziwa na tangawizi, na kila mara akinyoosha mkono kugusa boneti, mpaka bati likapoa. Ndipo baba akaruhusiwa kuingia na kuwasha. Gari likakohoa kama mbuzi mwenye mapafu, likakataa, likakohoa tena, likaitika. Ayeeyo akatikisa kichwa. "Mzee, lakini yu hai."

Kisha akataka kuona mwendo. Baba akaliendesha taratibu barabarani na ayeeyo akatembea kando yake, ameinamisha sikio, kama alivyotembea kando ya mafahali maisha yake yote. Gari lilipita kimya. Kimya hicho ndicho kilichomuudhi. Alikwisha kusikia magari ya serikali ya umri ule yakipita mbele ya nyumba yetu. Yote yalinguruma kwa nyuma kama tumbo lenye njaa. "Mnyama wa miaka hii asiyelalamika," akasema, "amelishwa kitu." Magoti yake hayakumruhusu kuinama, akanituma mimi. Nikajilaza mchangani, nikaingiza kichwa chini ya gari, karibu na lile boga la chuma lililo katikati ya magurudumu ya nyuma, ambalo mafundi huliita difu. Nikavuta pumzi. Nikavuta tena.

"Ndizi," nikasema, nikitoka na grisi puani.

Baba, aliyekatazwa kusema, alifunga macho kama mtu aliyeambiwa habari za mchumba wake. Mashamba ya kando ya Tana yalijaa ndizi, na madereva wote waliujua mchezo ule: meno ya difu yakilika na kuanza kupiga kelele, unayatia ndizi mbivu, yananyamaza siku mbili tatu, mpaka ziive zaidi ya kuiva. Nikaitafsiri shutuma ya ayeeyo neno kwa neno, na nikaongeza yangu mawili bila kutumwa. Mutisya hakuona haya hata kidogo. Alijipiga paja.

"Haya, nimekamatwa. Na wewe mama, mbona matumbo ya ng'ombe wako yamekaza kama ngoma? Uliwapa chumvi jana, wakanywa mto mzima. Unataka nikakate nyama au nikateke maji?"

Nilipomaliza kutafsiri, ayeeyo alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu hapo mazungumzo yakawa ya watu wanaoheshimiana. Ikaamuliwa ndizi zitolewe, ng'ombe wakojoe, na kila mnyama auzwe na sauti yake na tumbo lake. Difu iliposafishwa na kutiwa mafuta mapya, gari lilinguruma vizuri kabisa. Baba alisikiliza, akamnong'oneza ayeeyo kwamba meno yamelika lakini hayajavunjika. Ayeeyo akaridhika: ngamia anayelalamika akitembea anafika, wa kumwogopa ni yule mpole anayepiga magoti katikati ya njia.

Ikaja bei. Kwetu bei ya mnyama haitajwi kwa mdomo mbele ya umati. Mkono wa muuzaji na mkono wa mnunuzi huingia chini ya nguo, na vidole ndivyo vinavyosema; watazamaji wanaona nyuso tu. Mutisya alikwisha kununua ng'ombe Garissa kwa miaka, mila aliijua. Ayeeyo akavua shali lake la begani, akalitandaza juu ya mkono wa Mutisya na wa baba, kisha akasimama nyuma ya baba na kumbonyeza bega: mara hivi, mara vile. Mkono ulikuwa wa baba, hesabu ilikuwa ya ayeeyo. Mdomo, ambao ulikuwa mimi, haukuwa na kazi tena.

Mtoto asiye na kazi huhesabu. Nikalizunguka gari: magurudumu manne. Nikalizunguka tena: manne. Jambo hilo lingemtosheleza mtu mwingine. Lakini kila Landrova ya jeshi iliyopita mbele ya shule yetu nilikuwa nimeihesabu, na kila moja ilibeba la tano. Nikafungua buti: vumbi na kamba. Nikageuka. Mutisya alikuwa bado ameketi, mkono chini ya shali, uso umefungwa kama benki siku ya Jumapili. Ngozi ya mbuzi ilikuwa imeteleza kidogo upande mmoja wa kiti chake, na chini yake niliona mpira mweusi wenye makovu ya njia.

Chini ya shali mikono ilikuwa imetulia. Ikishatoka na watu wakisema kheri, biashara imekwisha, na hata kadhi hairudishi.

"Bado!" nikapiga kelele. "Gurudumu la tano liko wapi?"

Kila mtu alinitazama. Mutisya akatabasamu kwa huruma, kama watu wanavyowatabasamia watoto wa kike wanaosema mbele za wanaume. "Binti yangu, umeona wapi ng'ombe mwenye miguu mitano?"

"Ng'ombe hapati bancha, mzee," nikamjibu. Nilisema hivyo hasa, bancha, maana ulimi wetu siku zile haukuwa umepatana na herufi ya P.

Vijana wa sokoni walicheka mpaka wakaegemeana. Mmoja alinirudia maneno, mwingine akayapeleka kwa Kisomali kwa wasioelewa, na ayeeyo alipopata tafsiri alibonyeza bega la baba kwa nguvu hivi kwamba baba aliguna. Mutisya akajitetea: "Hili si la gari, hili ni kiti changu!"

"Basi ondoa mkono," nikatafsiri jibu la ayeeyo, "ukae juu yake na ng'ombe tukae nao."

Mutisya alitazama upande walikofungwa wale ng'ombe. Kambi ilisubiri nyama. Akainuka. Shali lilipoondolewa nikajua bei: ng'ombe saba. Wawili wa maziwa walirudi nyumbani nasi wakitembea nyuma ya gari, na gurudumu la tano lilikuwa kwenye buti, likiwa bado na joto la mwenyewe.

Safari ya kwanza ya Thika ayeeyo alisema anakwenda, akaone ng'ombe wake wamekuwa nini, na mkalimani wake lazima aende. Abiria walikuwa mwalimu mmoja wa bara aliyehamishwa, mke wake, na masanduku yao ya bati juu ya paa. Kabla ya kuondoka, koplo aliyesimamia mkia wa msafara alipita gari kwa gari akisema jambo lilelile: gari likikwama, watu wanapanda lori, gari linabaki. Hakusema linabaki na nani. Tulivuka mto, tukaingia katika barabara ya mchanga na miiba, difu ikinguruma, vumbi la malori likiingia mpaka kwenye meno. Mwalimu aliuliza ile sauti ni ya nini. Nikamwambia ni afya.

Mji ulikuwa umekwisha kupotea nyuma yetu kitambo gari lilipolia paa! na kuegemea upande. Mwiba au jiwe, sijui. Malori yalitupita, moja, jingine, la mwisho. Lori la koplo likasimama. Akashuka, akatazama kichaka upande huu na upande ule, akawasha sigara.

"Hii ikiisha, mnapanda lori."

Baba alikuwa tayari chini na jeki. Mwalimu akavua koti, akashika spana akiwa na tai shingoni. Upepo ulikuwa unaila sigara ya koplo kuliko yeye mwenyewe anavyoivuta, na ayeeyo aliliona hilo kabla yetu sote. Akanishika mkono tukamwendea.

"Mwambie sigara hiyo imevutwa na upepo. Si haki yake wala yetu. Avute nyingine." Na akatoa ndani ya shali pakiti ya sigara ya baba, nzima.

Nikasema. Koplo alitazama pakiti, akatazama kile kikongwe kilichokuwa kinampunja muda mchana kweupe. "Mwambie nyanya yako," akasema, "angekuwa upande wetu, vita hivi vingekwisha." Akawasha ya pili kwa moto wa ile ya kwanza. Nami niliipa tafsiri yangu kipimo: nilimwambia ayeeyo tu kwamba amekubali.

Nusu ya sigara ya pili ilikuwa bado inafuka gurudumu la Mutisya lilipokazwa nati yake ya mwisho. Tuliufikia msafara tukipiga honi, mke wa mwalimu akipiga makofi, ayeeyo akiwa amekaa wima kama aliyelizaa gari lile. Tuliingia Thika na harufu ya mananasi, na sijasikia mpaka leo muziki unaopita mngurumo wa ile difu. Gari lilitulisha mpaka amani ikarudi, na amani iliporudi lilinunua ng'ombe zaidi ya wale lililowagharimu. Mutisya alinunua kiti cha mbao.

Leo niko mtaa wa Waberi, humu humu Garissa, nimekuwa ayeeyo mwenyewe. Barabara ni lami, Thika ni safari ya kuondoka asubuhi na kufika mchana, ingawa bado kuna mahali tunashushwa kuonyesha vitambulisho, na bado sisi ndio wa mwisho kuulizwa tunaonaje. Watu hunichukua nikawatazamie magari. Mwezi uliopita mjukuu wangu alinipeleka kwenye yadi, kwa kijana wa Nairobi mwenye viatu vyeupe, kuona saluni ya kijivu, milango minne, imetoka ng'ambo, inazungumza yenyewe ukiifungua. Mjukuu alikwisha kupenda; nikamwambia asifungue mdomo. Niligusa boneti: baridi, sawa. Nilisikiliza mwendo: sawa. Nikazunguka. Manne. Nikafungua buti, nikainua zulia: chupa ya gundi na kipampu kidogo kama cha baiskeli.

"Mum, magari ya siku hizi hayana spea," kijana akasema. "Unapiga gundi, unaenda."

"Gundi," nikamwambia, "ni ndizi ya Kizungu."

Hakuelewa, na sikumtafsiria. Kazi hiyo niliiacha zamani. Nilikaa tu, nikaagiza chai, nikainywa polepole sana. Baada ya kikombe cha pili aliita mtu wake, akaliviringisha gurudumu kutoka nyuma ya ofisi, zima, jipya, lenye vinyweleo vya mpira bado. Nikalizunguka gari: matano. Nikalizunguka tena: matano. Ndipo nikavua shali langu, nikalitandaza juu ya mkono wa mjukuu wangu na wa yule kijana aliyekuwa anacheka asijue anachekea nini, nikasimama nyuma, nikaanza kubonyeza bega.